Lebo za Sampuli na Hesabu ya Tepe za Wino Katika Vituo vya Afya

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya kutolea huduma za afya



Damu inayotolewa katika mkono wa mgonjwa mmoja hufanana kwa macho na damu ya mgonjwa mwingine. Ikishaingia katika chupa, hakuna mtaalamu awezaye kumtambua mwenyewe kwa kuitazama. Kinachomtambulisha ni kipande kidogo cha karatasi kinachobandikwa ubavuni mwa chupa, yaani lebo. Juu yake huandikwa jina, namba ya usajili, tarehe na kipimo kilichoombwa, na mara nyingi huwekwa pia msimbo pau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine.

Lebo ikikosekana, au isiposomeka, maabara hulazimika kuikataa sampuli, na mgonjwa huitwa tena ili atolewe nyingine. Kwa mtu anayeishi jirani na kituo, huo ni usumbufu. Kwa mama aliyetoka kitongoji cha mbali akiwa na mtoto mgongoni, ni nauli ya pili na siku ya pili ya kazi iliyopotea. Kwa mgonjwa anayesubiri majibu ndipo aanzishiwe dawa, ni matibabu yaliyochelewa. Na lebo ya mtu mmoja ikibandikwa kwenye chupa ya mtu mwingine, madhara huwa makubwa zaidi: mtu huweza kutibiwa ugonjwa asio nao, au kuongezewa damu isiyomfaa.

Katika vituo vinavyotumia mashine, lebo hiyo huchapwa na printa ndogo inayokaa mezani. Baadhi ya printa hizo hazichapi bila utepe wa wino, ambao wengi huuita riboni. Mazungumzo haya yanahusu swali moja: kituo kitajuaje ni tepe ngapi kinazihitaji kwa mwaka?

Swali hilo huonekana kuwa la mtunza bohari peke yake. Hata hivyo, mpango na bajeti ya kituo hupita mbele ya kamati ya usimamizi, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, sehemu ya fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vyenyewe, na kwa sababu hiyo maamuzi mengi ya manunuzi madogo yamesogea karibu na wananchi. Anayeidhinisha matumizi hana budi kuielewa hesabu yake. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya, na hakuna mjumbe atakayeshindwa kuifuata.

Namna printa inavyokula utepe

Zipo printa za lebo za aina mbili. Aina ya kwanza haitumii utepe kabisa. Karatasi yake ina kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto. Hiyo ndiyo teknolojia ya risiti za EFD, na kila aliyehifadhi risiti ya namna hiyo katika pochi kwa miezi kadhaa ameona jinsi maandishi yake yanavyofifia. Lebo kama hiyo inafaa kwa kazi ya muda mfupi, kwa mfano namba ya foleni. Haifai kwa sampuli itakayotunzwa muda mrefu, wala kwa kitu kitakachokaa juani au kwenye joto.

Aina ya pili ndiyo inayotumia utepe. Utepe ni plastiki nyembamba sana iliyopakwa wino upande mmoja na kuviringwa kwenye kigogo kidogo. Kichwa cha kuchapia hupata joto, huuyeyusha wino mahali panapotakiwa herufi, na wino huo hushika juu ya lebo. Maandishi yake hudumu kuliko yale ya aina ya kwanza.

Hapa ndipo lilipo jambo la msingi ambalo hesabu yote inasimama juu yake. Katika printa nyingi za mezani, utepe na lebo hutembea pamoja, kwa mwendo mmoja. Zikipita milimita 28 za lebo, zimepita milimita 28 za utepe. Haijalishi kama lebo hiyo imejaa maandishi au ina herufi moja tu. Sehemu ya utepe iliyokwisha kupita haichapi tena.

Kwa hiyo utepe hautofautiani sana na kitambaa cha jora: huisha kwa urefu. Wino wa printa ya kawaida ya ofisini hupungua kwa kadiri ya maandishi yanayochapwa, na watu wengi huyachukulia mazoea hayo na kuyapeleka kwenye printa ya lebo. Wakifanya hivyo hukosea tangu mwanzo. Swali sahihi ni hili: kwa mwaka mzima, zitapita mita ngapi za lebo?

Hesabu kwa mfano

Tuchukue mfano wa kituo cha kufikirika. Maabara yake hupokea wastani wa sampuli 900 kwa mwezi, na kila sampuli huhitaji lebo mbili, moja ya chupa na moja ya fomu. Hizo ni lebo 1,800. Dirisha la dawa nalo hutumia lebo 1,200 kwa mwezi kwa ajili ya pakiti za dawa. Jumla ni lebo 3,000 kwa mwezi.

Hatua ya kwanza ni kupima lebo kwa rula. Tuseme ina upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 25. Urefu unaotakiwa katika hesabu ni ule wa upande unaotoka mdomoni mwa mashine, yaani kule karatasi inakoelekea. Kati ya lebo moja na inayofuata huwa pana nafasi tupu. Tuseme milimita 3. Utepe hupita hata kwenye nafasi hiyo. Basi kila lebo hula milimita 25 na 3, jumla milimita 28.

Hatua ya pili ni kuzidisha. Lebo 3,000 mara milimita 28 ni milimita 84,000, sawa na mita 84 kwa mwezi.

Hatua ya tatu ni kuongeza upotevu. Lebo chache huharibika wakati wa kufunga rolo mpya, nyingine huchapwa jina lenye makosa zikarudiwa. Vilevile printa nyingi hutoa lebo tupu kadhaa kila zinapowashwa ili kujipima upya, kwa hiyo mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara upotevu huongezeka. Kwa kuanzia, kituo kinaweza kuweka asilimia 10. Mita 84 zikiongezwa asilimia 10 huwa mita 92.4 kwa mwezi, na kwa miezi 12 ni mita 1,108.8.

Hatua ya nne ni kugawanya kwa urefu wa utepe mmoja. Urefu huo huandikwa kwenye boksi. Printa ndogo za mezani mara nyingi hutumia utepe wa mita 74, zipo zinazopokea wa mita 300, na mashine kubwa za viwandani hupokea hata wa mita 450. Kama printa ya kituo chetu ni ya utepe wa mita 74, basi 1,108.8 gawanya kwa 74 ni 14.98. Hakuna anayenunua sehemu ya utepe, kwa hiyo jibu ni tepe 15 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inaweza kuhakikiwa kwa njia ya pili. Rolo moja ya lebo 1,000 za ukubwa huo ina urefu wa mita 28. Rolo tano zina mita 140, na tepe mbili zina mita 148. Maana yake kila rolo tano za lebo huhitaji tepe mbili, na hubaki kidogo. Mjumbe wa kamati akiona katika maombi ya kituo rolo 40 za lebo na tepe 6 tu, ana haki ya kuuliza lebo zilizosalia zitachapwa kwa kitu gani. Akiona rolo 40 na tepe 40, vilevile ana haki ya kuuliza tepe zinazozidi ni za nini.

Makosa matatu yanayoiharibu hesabu

Kosa la kwanza ni kunakili idadi ya mwaka uliopita bila kuangalia kama lebo ni zile zile. Tuseme kituo chetu kimeanza kutumia lebo yenye urefu wa milimita 50 badala ya 25, ili msimbo pau na maelezo zaidi viweze kuingia. Sasa kila lebo pamoja na nafasi yake hula milimita 53. Idadi ya wagonjwa haikubadilika, lakini matumizi yamepanda hadi karibu mita 175 kwa mwezi. Tepe 15 zilizotosha mwaka mzima sasa zitadumu miezi sita na siku chache. Kituo kilichozipokea mwanzoni mwa Julai kitafungua boksi tupu katikati ya Januari, ilhali mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Kwa lebo hizo mpya, mahitaji halisi yalikuwa tepe 29.

Kosa la pili ni kusahau safu. Baadhi ya rolo huwa na lebo nyembamba mbili zilizopangwa bega kwa bega. Printa inapopitisha milimita 28, zinatoka lebo mbili kwa mpigo. Kwa lebo za namna hiyo, mahitaji ya mwaka ya lebo 39,600, upotevu ukiwemo, ni safu 19,800, ambazo ni mita 554.4. Tepe 8 zinatosha. Anayehesabu lebo bila kutazama safu ataagiza 15, na fedha za tepe saba zitalala bohari wakati dirisha la dawa lina mahitaji mengine.

Kosa la tatu ni kuhesabu kwa mwezi mmoja tu. Mwezi wa mvua, ambapo homa huongezeka, haulingani na mwezi wa kiangazi. Ni vyema wastani utokane na miezi mitatu au zaidi ya daftari la maabara. Kisha mganga mfawidhi aulizwe kama kuna huduma mpya inayotarajiwa mwaka ujao: kipimo kipya, kliniki mpya, au kampeni ya upimaji. Huduma mpya huleta lebo mpya, na lebo mpya hula utepe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika jambo hili, daftari lenyewe ni la safu mbili tu. Kila utepe unapofungwa kwenye mashine, iandikwe tarehe ya kuanza na idadi ya lebo zilizokuwepo. Unapokwisha, iandikwe tarehe ya kumaliza na idadi ya lebo zilizosalia. Utepe wa mita 74 katika mfano wetu ungepaswa kuchapa lebo 2,642 kama kusingekuwa na upotevu wowote. Ikiwa daftari linaonyesha kwamba tepe tatu mfululizo zimetoa lebo nzuri 2,200 kila moja, upotevu halisi unazidi asilimia 16 ya utepe. Hapo kamati ina mambo mawili ya kufanya: kurekebisha makadirio, na kuuliza upotevu huo unatoka wapi. Huenda mashine inahitaji fundi, au mtumishi mpya anahitaji kuelekezwa, au kituo kinahitaji kifaa cha kuhifadhi umeme ili printa isizimike ovyo.

Utepe unaofaa

Makadirio sahihi ya utepe usiofaa hayana faida. Ombi lililoandikwa neno moja tu, riboni, linaweza kuleta utepe wa mashine nyingine kabisa, kwa kuwa zipo printa za zamani za ofisini ambazo nazo hutumia kitu chenye jina hilo hilo. Ombi kamili hutaja mambo matano.

Jambo la kwanza ni aina ya printa. La pili ni upana: utepe unapaswa kuwa mpana kidogo kuliko karatasi ya lebo, kwa kuwa plastiki hiyo hukikinga kichwa cha kuchapia kisisuguliwe na karatasi. Utepe mwembamba kuliko lebo huokoa fedha kidogo leo na kugharimu kichwa kizima kesho. La tatu ni urefu na ukubwa wa kigogo, maana utepe mrefu wenye kigogo kikubwa hauingii katika printa ndogo hata kama bei yake kwa mita ni nafuu.

La nne ni upande uliopakwa wino. Baadhi ya printa huhitaji utepe ulioviringwa wino ukiwa ndani, nyingine wino ukiwa nje. Ukifungwa usiolingana na mashine, lebo hutoka nyeupe. Namna ya kujua ni rahisi: lebo yenye gundi ibanwe juu ya uso wa nje wa utepe kisha ibanduliwe, ikitoka na weusi, wino upo nje. Jaribio hilo lifanywe siku ya kupokea mzigo, kabla ya kusaini hati ya mapokezi.

La tano ni aina ya wino. Upo wino wa nta, upo wa mchanganyiko wa nta na resini, na upo wa resini tupu. Nta ni ya bei nafuu na inafaa kwa lebo za karatasi zinazotumika muda mfupi. Hata hivyo hukwaruzika kwa ukucha na hufutika kwa spiriti. Resini hustahimili spiriti, unyevu na baridi, nayo hutumika kwenye lebo za plastiki. Chupa itakayoingia kwenye jokofu la kugandisha, au itakayofutwa kwa spiriti, haifai kuandikwa kwa nta. Lebo za mali ya umma zinazobandikwa kwenye mashine, vitanda na viti nazo huhitaji wino unaodumu, la sivyo wakaguzi wanapofika hukuta namba zimefutika. Kituo chenye kazi zote mbili kinafanya makadirio mawili, moja kwa kila aina ya wino, wala hakichanganyi jumla yake.

Akiba: isiwe ndogo, isizidi

Wahenga walisema pia kwamba akiba haiozi. Utepe wa wino unatulazimisha kuwa waangalifu na methali hiyo. Joto kali huweza kuulainisha wino hadi mizunguko ya utepe ikashikana, na utepe uliokaa muda mrefu mno huweza kutoa maandishi hafifu. Watengenezaji huandika masharti ya utunzaji na muda wa matumizi, na masharti hayo yafuatwe. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari, kinachochomwa na jua mchana kutwa, si mahali pa kutunzia tepe. Zikae katika boksi lake, mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, na zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka.

Kiasi cha akiba kinategemea muda wa kusubiri mzigo. Kituo chetu cha mfano hutumia utepe mmoja na robo kwa mwezi. Ikiwa mzigo huchukua mwezi mmoja kufika tangu kuagizwa, na kituo kimeamua kuwa na akiba ya miezi miwili kwa ajili ya dharura, basi kinahitaji kinga ya miezi mitatu: tatu mara 1.25 ni 3.75, yaani tepe 4. Siku ambayo bohari inabaki na tepe nne ndiyo siku ya kuagiza. Namba hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye rafu, ili hata mtumishi wa zamu asiyejua hesabu hii aweze kutoa taarifa.

Katika mpango wa mwaka, hesabu inakuwa hivi: mahitaji tepe 15, akiba ya miezi miwili tepe 3, jumla 18. Kama bohari ina tepe nne nzima zisizopitwa na muda, zitoe. Zitakazonunuliwa ni 14. Idadi hiyo huingia katika mpango wa manunuzi mapema, kwa kuwa ununuzi wa umma sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mahitaji yasiyokuwa katika mpango huchelewa. Si lazima zote 14 ziletwe siku moja. Kuzipokea kwa awamu, kila robo ya mwaka, hupunguza hatari ya kuharibika bohari.

Pamoja na hayo yote, siku ya upungufu inaweza kufika. Huduma isisimame kwa sababu hiyo. Lebo huandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino usiofutika, ikiwa na jina kamili, namba ya usajili, tarehe na saa. Ni kazi ya polepole na makosa huongezeka, hasa foleni inapokuwa ndefu, lakini ni halali na salama ikifanywa kwa uangalifu. Mwananchi anayetolewa sampuli ana sehemu yake pia: kabla ya kuondoka aombe kuoneshwa lebo, asome jina lake, na aseme palipokosewa. Mtumishi mwema hachukizwi na ombi hilo.

Utepe uliokwisha una majina ya watu

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Mahali ambapo wino umetoka kwenye utepe hubaki uwazi wenye umbo la herufi ile ile iliyochapwa. Utepe uliokwisha ukiinuliwa kwenye mwanga husomeka kama barua: jina baada ya jina, na kipimo alichoombewa kila mmoja. Humo wamo waliopimwa ujauzito, wamo waliopimwa virusi vya UKIMWI, wamo waliopimwa kifua kikuu. Utepe mmoja katika mfano wetu hubeba lebo zaidi ya 2,000. Ukitupwa jalalani, watoto huokota kigogo kuwa kitu cha kuchezea na kuufungua utepe mtaani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavitaka vyombo vinavyokusanya taarifa za watu kuzilinda. Utepe uliotumika ni sehemu ya taarifa hizo sawa na faili la mgonjwa. Kwa hiyo usitupwe pamoja na taka za kawaida. Ukatwekatwe au uteketezwe kwenye kichomea taka cha kituo, mbele ya mtumishi aliyepewa jukumu hilo, na iandikwe katika daftari.

Utaratibu mmoja mdogo hukamilisha ulinzi na hesabu kwa pamoja. Bohari isitoe utepe mpya mpaka uliokwisha urejeshwe. Kwa njia hiyo, tepe zilizotoka, zilizorejeshwa na zilizoteketezwa lazima zilingane, ukiondoa ule ulio kwenye mashine. Zisipolingana, kuna utepe ulioibwa au kuna siri za watu zilizotupwa ovyo, na yote mawili yanahitaji majibu. Mwisho wa mwaka, idadi ya zilizorejeshwa inakuwa ushahidi wa matumizi halisi, ambao ni msingi bora wa makadirio ya mwaka unaofuata kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Maswali ya kuuliza katika kikao

Wajumbe wa kamati wanaweza kuondoka na maswali sita ya kuuliza kila mpango wa kituo unapojadiliwa.

Lebo tunazotumia zina urefu gani, na zimepangwa safu ngapi?

Kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, zilichapwa lebo ngapi kwa mwezi, na zilizoharibika ni ngapi?

Utepe wa printa yetu una mita ngapi, na ni wa wino wa aina gani?

Tepe zilizopo bohari ni ngapi, na muda wake wa matumizi unaisha lini?

Mzigo wa mwisho ulichukua siku ngapi kufika tangu ulipoagizwa?

Tepe zilizokwisha ziko wapi?

Mganga mfawidhi mwenye daftari atayajibu yote kwa muda mfupi, na majibu hayo yatampa nguvu ya kutetea bajeti yake mbele ya halmashauri. Asiye na daftari atajua kwamba ni wakati wa kulianzisha. Maswali haya hayakusudii kumtilia mtumishi shaka. Yanakusudia kuhakikisha kwamba sampuli iliyotolewa katika kata hii inafika maabara ikiwa na jina la mwenyewe, na kwamba majibu yanarudi kwa mtu yule yule.